Taa Ikizimika, Nani Atarudi Kuitazama?

Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Safari hii tunaongea juu ya kazi. Msishangae. Ipo kazi ya mikono ambayo kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne anaweza kuianza, na ambayo ikifanywa vizuri huondoa ugonjwa nyumbani kabla haujafika zahanati. Ikifanywa vibaya, huiacha familia na deni na moshi uleule.

Ni kazi ya kupeleka nishati safi katika nyumba za watu wa kipato kidogo: taa za sola, majiko banifu, mitungi ya gesi na mitambo ya gesi ya samadi. Hapa Buseresere, mpakani na Katoro, kijana akitafuta fedha macho yake huelekea kwanza machimboni, kisha kwenye bodaboda. Tunapenda wazazi wajue kwamba kuna njia nyingine, na waijue pamoja na miiba yake.

MOSHI UNATUFANYA NINI?

Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo maana moshi hauleti machozi na kikohozi tu. Huleta pia nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa mapafu kwa watu wazima, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Anayeuvuta zaidi ni mama anayepika, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Koroboi nayo ina madhara yake. Inatoa moshi mweusi karibu na uso wa mtoto anayesoma. Ikianguka inaunguza. Na mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda hunywewa na mtoto akidhani ni maji.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo haliwezi kutimia kwa karatasi. Lazima awepo mtu wa kubisha hodi, kufunga kifaa na kukieleza.

KAZI ZENYEWE NI ZIPI?

1. Wakala wa taa na majiko. Huchukua bidhaa chache, hupita nyumba kwa nyumba na minadani, naye hupata faida kwa kila anachouza. Shirika la Solar Sister, lililoanzia Uganda na baadaye kuingia Tanzania, huwaandaa wanawake wa vijijini kufanya biashara ya namna hii.

2. Msaidizi wa fundi sola. Huanza kwa kubeba ngazi na kushika waya. Hujifunza kwamba paneli haiwekwi chini ya kivuli cha mwembe, kwamba huinamishwa kidogo ili mvua ioshe vumbi, na kwamba betri inayomalizwa chaji kabisa kila usiku hufa mapema. Anayependa kuendelea anaweza kusomea ufundi umeme katika vyuo vya VETA.

3. Mtengenezaji wa majiko. Jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake lilienea kutoka Kenya katika miaka ya 1980. Hutumia mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Lakini tuseme kweli: bado ni mkaa, na bado linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ni hatua ya kwanza tu.

4. Mwashi wa mitambo ya samadi. Mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa gesi ya samadi chini ya CAMARTEC ya Arusha, na waashi wengi walifundishwa. Mtambo unataka samadi na maji kila siku. Anayefuga ng'ombe wa kuzurura malishoni, kama wengi wetu Usukumani, hupata samadi ya usiku tu zizini. Mwashi mwaminifu humwambia mteja jambo hilo kabla ya kuchimba shimo.

5. Msambazaji wa mitungi ya gesi. Kazi yake siyo kuuacha mtungi mlangoni na kuondoka. Anapaswa kuufunga, kupaka povu la sabuni kwenye maungio kuona kama gesi inavuja, na kumwonyesha mama namna ya kuuzima.

MWIBA WA KAZI HII

Tuchukue hesabu ya mfano. Kijana akipata shilingi 5,000 kwa kila taa anayoiuza, akiuza 10 kwa mwezi amepata 50,000. Je, akirudi kutengeneza taa aliyoiuza mwezi uliopita, atapata nini? Aghalabu hapati kitu. Kwa hiyo anasonga mbele kutafuta mteja mpya, na taa iliyokufa inabaki ikining'inia darini. Usiku huohuo koroboi inarudi mezani.

Mwiba wa pili ni mkopo. Vifaa vingi huuzwa kwa kulipa kidogo kidogo, na usipolipa hujifunga vyenyewe. Mkulima wa pamba au mpunga hana fedha kila wiki; anazo baada ya mavuno. Wakala anayelipwa kwa idadi ya mauzo anaweza kushawishika kumwandikisha mtu asiyeweza kulipa. Hapo afya haikupatikana, limepatikana deni.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Huko Tilonia, nchini India, Bunker Roy alianzisha mwaka 1972 chuo kinachojulikana kama Barefoot College. Chuo hicho kilikuja kuwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao bibi wasiojua kusoma, kuunda na kutengeneza vifaa vya sola. Walifundishwa kwa rangi za waya na kwa ishara za mikono kwa muda wa miezi 6. Wanawake kutoka Zanzibar nao walikwenda, na baadaye kituo kikafunguliwa Kinyasini, Unguja.

Kwa nini bibi? Kwa sababu kijana wa kiume akipata cheti hukimbilia mjini. Bibi hubaki kijijini, na taa ikizimika anajulikana anakokaa. Jambo la pili ni malipo. Kila nyumba huchangia kiasi kidogo kwa mwezi kupitia kamati ya kijiji, na fedha hizo humlipa fundi na kununua vipuri. Fundi halipwi kwa kuuza tu, bali kwa kuzifanya taa ziendelee kuwaka.

Hili tunaweza kuliiga. Nyumba 20 za jumuiya moja zikichanga shilingi 1,000 kila moja kwa mwezi, ni shilingi 20,000. Hazitoshi kuwa mshahara, lakini zinatosha kumfanya kijana au mama aliyefunzwa azungukie nyumba hizo mara moja kwa mwezi, afute paneli vumbi na akaze waya. Malipo yaweza kungoja mavuno, mradi mmepatana mapema.

KINGA KWA MFANYAKAZI NA KWA NYUMBA

Wazazi, mtoto wenu akianza kazi hii, angalieni haya:

a) Asipande juu ya bati peke yake wala wakati wa mvua. Ngazi ishikwe na mtu.

b) Betri kubwa za maji zina tindikali na risasi. Tindikali ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha apelekwe zahanati. Betri mbovu isivunjwe wala kuyeyushwa uani. Risasi huharibu ubongo wa watoto.

c) Asiguse umeme wa gridi kabla hajafundishwa.

d) Kabla ya kupokea bidhaa za mkopo, aulize: nani anabeba hasara mteja asipolipa? Dhamana ni ya muda gani? Vipuri vinapatikana wapi? Kama hakuna jibu la maandishi, asipokee.

Na nyumbani:

a) Jiko la mkaa, hata liwe banifu, lisiingizwe katika chumba cha kulala. Watu wamelala wasiamke.

b) Mkisikia harufu ya gesi, msiwashe kiberiti wala swichi. Fungeni mtungi, fungueni milango, tokeni nje.

c) Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe na msimpe maziwa. Mkimbizeni kituo cha afya.

d) Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yasiyo barafu kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala mafuta.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, kijana akija mlangoni na taa au jiko, msimfukuze, lakini msinunue kwa haraka. Muulizeni anakaa wapi, nani amemfundisha, na kifaa kikiharibika atakuja siku gani. Akijibu vizuri, mpeni nafasi, na akirudi kutengeneza mpeni haki yake bila kupunjana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayerudi kukaza waya uliolegea ndiye anayeziba ufa, na kifua cha mtoto wako ndicho ukuta wenyewe.