Mafuta ya Chipsi Yakiingia kwenye Silinda

Njiti ya kiberiti ikidondokea kwenye petroli, moto unalipuka papo hapo. Ikidondokea kwenye karai la mafuta baridi yaliyokwisha kukaangia chipsi, inazimika kama imetumbukia majini. Kinachowaka ni mvuke, si mafuta yenyewe yakiwa majimaji. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi kali, ilhali mafuta ya kupikia hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapite nyuzi 200 za Selsiasi. Ndiyo maana watu huamini kwamba petroli ni nyepesi kuwaka kuliko mafuta yote. Ndani ya injini ya dizeli imani hiyo inapinduka.

Injini hiyo haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inaikandamiza hewa mpaka ibaki sehemu moja ya kumi na saba hivi ya ujazo wake, na hewa ikibanwa namna hiyo inapata moto. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua pampu inavyochoma vidole. Joto likishapita nyuzi 500, nozeli inapuliza mafuta kama manyunyu, nayo lazima yajiwashe yenyewe. Petroli, ambayo molekuli zake zina matawi mengi, hugoma. Mafuta ya chipsi, yakishatayarishwa kuwa biodizeli, mara nyingi huitika mapema kuliko dizeli ya kawaida.

Mapema kiasi gani? Tunazungumzia sehemu moja ya elfu ya sekunde, pengine pungufu. Lakini katika injini muda huo ni mrefu. Mafuta yakichelewa kushika, nozeli haiyasubiri. Inaendelea kupuliza, yanalundikana, kisha yote yanawaka kwa mkupuo. Huo ndio mlio kama wa chuma kinachogongwa unaousikia lori kuukuu likiwashwa alfajiri. Yakishika upesi, moto unaanza mdogo na kukua kadiri manyunyu yanavyoingia.

Wepesi huu hupimwa kwa namba ya seteni. Seteni yenyewe, mnyororo ulionyooka wa kaboni 16, imepewa 100. Viwango vya Ulaya vinataka dizeli ifikie angalau 51. Marekani wanaridhika na 40. Biodizeli ya shahamu ya ng'ombe hukaribia 60.

Siri iko kwenye mnyororo. Oksijeni hujishikiza katikati yake, mnyororo unajikunja, oksijeni inapokonya haidrojeni ya upande mwingine, na kiungo kinachozaliwa kinapasuka vipande vyenye ukorofi ambavyo vinakwenda kuchokoza molekuli za jirani. Mnyororo mrefu ulionyooka hujikunja bila shida. Ule wenye viungo maradufu, kama wa alizeti au soya, umekakamaa, hivyo huchelewa. Shahamu ina viungo hivyo vichache. Kwa sababu hiyohiyo, minyororo yake hulala pamoja kama kuni zilizopangwa: mchuzi wa nyama nono huganda kwenye sahani kabla hujamaliza kula. Biodizeli yake nayo huanza kufanya ukungu kwenye nyuzi 15 hivi, na Mbeya mwezi Julai inaweza kuziba chujio.

Wapo wanaochuja mafuta ya jikoni kwa kitambaa na kuyamimina tangini. Injini itawaka, hasa ya zamani, na hapo ndipo wanapodanganyika. Kila molekuli ya mafuta hayo ni minyororo mitatu iliyofungwa kwenye gliserini. Ni mazito karibu mara kumi ya dizeli. Nozeli haiwezi kuyapasua vizuri, matone yanakuwa makubwa, hayaungui yote, yanaacha masizi magumu kwenye ncha yake, mengine yanateremkia kwenye oili. Gliserini nayo, ikiungua nusunusu, hutoa akrolini, moshi ule unaochoma macho mafuta yanapoungulia kikaangoni.

Tiba yake ilipewa hataza Ubelgiji mwaka 1937. G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alichukua mawese, zao la Kongo, akayachanganya na pombe ili minyororo iachane na gliserini. Leo hutumika zaidi methanoli, na gliserini inayobaki huingia kwenye sabuni. Mafuta yaliyotumika yana usumbufu wa ziada: maji ya viazi na joto huyakatakata kuwa asidi, ambayo ikikutana na kichocheo cha magadi inageuka sabuni palepale, kabla ya kazi kuanza. Lazima asidi ishughulikiwe kwanza.

Njia nyingine, iliyoanzishwa na kampuni ya Neste huko Porvoo, Finland, mwaka 2007, hutumia haidrojeni kung'oa oksijeni yote. Kinachobaki ni minyororo mitupu, seteni zaidi ya 70. Kwa uwashaji, hapo biodizeli imeshindwa.

Ila biodizeli imebaki na oksijeni yake, kama asilimia 11 ya uzito. Injini inakula lita zaidi kidogo, lakini oksijeni hiyo iko ndani ya tone lenyewe, hata pale hewa isipofika, na masizi meusi hupungua sana. Oksidi za naitrojeni ndizo huongezeka kidogo. Katika pampu za zamani sababu mojawapo ni kwamba biodizeli haibonyei kama dizeli, kwa hiyo msukumo unafika kwenye nozeli mapema na moto unaanza kabla ya wakati wake. Fundi wa pampu akichelewesha upulizaji nyuzi moja au mbili za mzunguko, gesi hizo hushuka.