Misuli ya Mkebe: Je, ni Nguvu au ni Maji?

MPWA wangu ni mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi. Jumapili moja alikuja kwangu kwa chakula cha mchana akiwa amekumbatia mkebe mkubwa wenye picha ya mwanamume aliyetuna misuli kama gunia la viazi.

"Mjomba, huu ndio unga wa mabingwa," alijigamba. Nilipomdadisi, alikiri kwamba aliununua kwa pesa zake za chakula za mwezi mzima.

Badala ya kumkemea, niliamua kuujaribu. Kwa wiki moja nilikoroga kijiko asubuhi na jioni kama mkebe ulivyoagiza, huku nikinyanyua vyuma. Siku ya saba mizani ilionyesha nimeongeza kilo mbili. Nilijitazama kwenye kioo nikatabasamu!

Furaha hiyo haikudumu. Nilipoacha, kilo hizo ziliyeyuka baada ya wiki chache. Unga ule ulikuwa kreatini, kitu ambacho mwili hujitengenezea na ambacho pia hupatikana katika nyama na samaki. Ni kweli humsaidia mnyanyuaji vyuma kujikaza kidogo zaidi kabla ya kuchoka. Lakini uzani wa siku za kwanza huwa hasa ni maji yanayovutwa ndani ya misuli. Na mwenye ugonjwa wa figo asiuguse kabla ya kumwona daktari.

Na unga wa protini je? Anayefanya mazoezi mazito huhitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa gramu 15. Ukiongeza omena na ndengu, hesabu hutimia bila mkebe.

HATARI ILIYOJIFICHA

La kutisha zaidi ni lile lisiloandikwa kwenye mkebe. Mwaka wa 2000 na 2001, wataalamu wa Cologne, Ujerumani, walichunguza virutubisho 634 kutoka nchi 13. Kati yavyo, 94 vilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa popote kwenye kibandiko.

Homoni za aina hiyo zikitumiwa kwa wingi huweza kunyausha korodani, kumwotesha mwanamume matiti na kudhuru ini na moyo. Mwanariadha naye huweza kupigwa marufuku hata akiapa kwamba hakujua alichokunywa.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Sasa Mjomba, mkebe huu nitaufanyia nini?"

"Ukiisha, weka maharagwe," nilimjibu.

Ewe kijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mtaka misuli sharti atoke jasho, ale vizuri na alale vya kutosha.