Kweli au si kweli? Uhandisi endelevu kwenye barabara ya Idete

Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na kwingineko huenda kwenye mafunzo kwa vitendo likizo ndefu inapoanza, kwa kawaida kati ya Julai na Septemba. Ni kiangazi. Aliyepangwa Ifakara, akapelekwa upande wa kijiji cha Idete na Mlimba, atakuta vumbi, makalavati makavu na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Ataandika ripoti nzuri kuhusu bonde la Kilombero bila kuliona, kwa sababu bonde hilo hujionyesha Machi na Aprili. Si ajabu basi kwamba wengi huhitimu na kauli za miundombinu endelevu ambazo masika moja tu ingezitikisa. Hizi hapa baadhi yake.

“Miundombinu endelevu ni ile inayolinda mazingira.”

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo kubwa. Mwaka 2005 mtafiti Adisa Azapagic na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa uhandisi wa nchi mbalimbali. Walikuta kwamba mambo ya mazingira wanayajua kiasi, ila upande wa jamii na uchumi wako nyuma. Vyuo vyetu navyo viko hivyo hivyo: muulize mwanafunzi uendelevu ni nini, atakutajia miti na paneli za sola. Nani atalipia matengenezo mwaka wa kumi? Atakutazama.

Mkazi wa Idete analiona jambo hili kwa njia nyingine. Barabara ikikatika, mama mwenye uchungu hafiki Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, na gunia la mpunga linauzwa kwa bei anayoitaka dalali. Ng’ambo ya Mto Kilombero, watu wa Ulanga na Malinyi walitegemea kivuko hadi Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipozinduliwa Mei 2018. Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka. Daraja lilikula saruji na chuma kwa wingi, lakini kuliita adui wa uendelevu ni kusahau watu waliokuwa wakivuka kwa roho mkononi.

“Lami ikifika, tatizo limekwisha.”

Si kweli. Lami ni ngozi tu. Nguvu ya barabara iko kwenye udongo ulio chini yake, na udongo huo ukilowa hupoteza uwezo wa kubeba mzigo. Udongo wa mfinyanzi ulio kavu Agosti hubeba lori la mpunga bila kulalamika. Uloweshe wiki tatu mfululizo, lori hilo hilo litaacha mfereji.

Barabara ya Ifakara kwenda Mlimba ina shida moja zaidi. Inapita miguuni pa milima ya Udzungwa, kwa hiyo kila maji yanayoshuka kuelekea Mto Kilombero lazima yaikate: Ruipa, Mngeta, Kihansi, na vijito visivyo na idadi ambavyo Agosti huonekana kama njia za ng’ombe. Ukijenga tuta refu ukaweka makalavati machache ili kubana bajeti, umejenga bwawa. Upande wa mlimani mpunga unazama, upande wa bondeni mkulima anakosa maji aliyoyazoea, na siku maji yakilipanda tuta yanalichimba kwa nyuma mpaka linakatika. Kisha gazeti linaandika kwamba mvua imeharibu barabara. Mvua ilifuata njia yake ya siku zote; aliyeiziba ni mchoraji.

Na hili si bonde dogo. Eneo lake la mafuriko, lililoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, linakaribia kilomita za mraba 8,000. Zaidi ya asilimia 60 ya maji ya Mto Rufiji hutoka Kilombero. Atakayeyazuia ovyo Idete anagusa mpaka bwawa la Julius Nyerere lililo kwenye Rufiji.

“Daraja lililosanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50 liko salama miaka 50.”

Si kweli, na kosa hili hata wahandisi wenye mhuri hulifanya. Mafuriko ya miaka 50 ni yale yenye nafasi ya asilimia 2 kutokea katika mwaka wowote. Hayahesabu kalenda, yanaweza kuja mwaka huu na mwaka ujao. Piga hesabu: nafasi ya kuyakwepa mwaka mmoja ni 0.98, na kuyakwepa miaka 50 mfululizo ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 50, yaani takriban 0.36. Maana yake daraja hilo lina nafasi ya asilimia 64 hivi ya kukutana nayo angalau mara moja katika umri wake. Hapo tumechukulia kwamba mvua za kesho zitafanana na za jana. Msanifu makini haulizi tu kama maji yatapita juu ya daraja. Anauliza yakipita, nini kitabaki.

“Mbu ni kazi ya daktari.”

Si kweli, na kwa Idete ni karibu tusi. Kijiji hiki kinajulikana na watafiti wa malaria duniani kuliko kinavyojulikana Dodoma. Miaka ya mwanzo ya 1990 chanjo iitwayo SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa hapa, na matokeo yaliyochapishwa 1994 yalionyesha imepunguza malaria kwa takriban asilimia 31. Majaribio ya baadaye kwingineko hayakuyathibitisha, na chanjo ile ikaachwa.

Sasa mkandarasi anachimba moramu pembeni ya barabara na kuliacha shimo wazi. Masika yakiingia linajaa maji yaliyotulia, yenye jua, na anofelesi hapendi kitu zaidi ya hicho. Kufukia shimo, au kulichonga limwage maji, ni mstari mmoja kwenye orodha ya kazi na gharama, na mstari huo huandikwa na mhandisi.

“Umeme wa maji ni safi, kwa hiyo ni endelevu.”

Inategemea, na mfano uko humu humu bondeni. Kituo cha Kihansi, chenye megawati 180, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakina moshi, bwawa lake ni dogo, hakikuhamisha miji. Kwenye karatasi ni mradi wa kupigiwa makofi. Ila maji yaliyochepushwa ndiyo yaliyokuwa yakirusha manyunyu kwenye korongo, na ndani ya manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Wanasayansi walimgundua 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Mtiririko ukakatwa kwa zaidi ya asilimia 90. Vikafungwa vinyunyizio vya bandia. Chura wakaongezeka, kisha 2003 wakaporomoka huku ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wamepelekwa Bronx Zoo ya New York na Toledo Zoo ndio waliozaliana huko, na kuanzia 2012 wakarudishwa korongoni.

Wanafunzi hucheka: mamilioni ya dola kwa ajili ya chura! Mimi siungi mkono kicheko hicho. Tathmini ya korongo ingefanywa kwa makini kabla ya michoro kufungwa, kiasi cha maji ya kuachiwa mto kingeingia kwenye hesabu tangu mwanzo, na vinyunyizio, maabara na safari za Marekani huenda visingehitajika. Gharama ile ni ya kuchelewa kuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 sasa inataka tathmini ije kabla ya mradi, ingawa tathmini ya kunakili na kubandika haijaisha nchini.

“Zege ni maendeleo, mawe ni umaskini.”

Si kweli. Saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) imejenga madaraja ya tao la mawe, hasa Kigoma, kwa gharama ndogo kuliko zege, na fedha nyingi hubaki kwa mafundi wa kijijini. Tahadhari moja tu: tao hutaka msingi usiotitia. Kwenye vijito vya miguuni pa Udzungwa, sawa. Katikati ya tope la bonde, tafuta njia nyingine.

“Matengenezo si uhandisi.”

Si kweli; waulize TAZARA. Reli hiyo ya Tanzania na Zambia, ya kilomita 1,860, iliyokamilika 1975 kabla ya muda uliopangwa, bado inapita bonde hili. Haikushindwa na usanifu; ilidhoofishwa na miaka mingi ya matengenezo haba.

“Mzee wa kijiji anaweza kumfundisha mhandisi.”

Hii moja haitikisiki: ni kweli tupu. Vipimo vya mvua na vya kina cha mito ni vichache sana ukilinganisha na ukubwa wa bonde, na rekodi zina mapengo. Mwenye nyumba Idete anajua maji yalifika tofali la ngapi, yalitokea upande gani na yalikaa siku ngapi. Hiyo ni takwimu. Iandike, ilinganishe na hesabu zako, na zikipingana usiharakishe kumwona mzee ndiye aliyekosea.

Kwa hiyo, mwanafunzi utakayepangwa Ifakara mwaka huu: fanya mafunzo yako Julai kama ratiba inavyotaka, lakini kabla ya kufunga mradi wako wa mwaka wa mwisho rudi hapo Aprili, hata kwa nauli yako, usimame juu ya kalavati ulilolichora. Na wakuu wa vyuo, pangeni angalau kundi moja liende masika.