Desturi Njema ya Kula: Kidogo Chenye Kudumu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumbia vyakula vya bara na vya bahari, akatuhalalishia vilivyo vizuri na akatukataza israfu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, twajiusia nafsi zetu na twawausia nanyi kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri. Na katika kumcha Mungu ni kuchunga amana, na mwili ni amana. Abdullah bin Amr (R.A.) alipokuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha ya kwamba mwili wake una haki juu yake. Basi ikiwa mwili waweza kudhulumiwa kwa ibada iliyopita kiasi, jee, hautadhulumiwa kwa shibe iliyopita kiasi?

Hukumu ya jambo hili haikufichika. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kula na kunywa bila ya kupindukia mpaka. Na katika Hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi, tumefunzwa kuwa tonge chache zamtosha mtu, na asiyetosheka nazo aligawe tumbo lake mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la kupumulia. Haya tunayasikia tangu utotoni. Kwa hiyo shida yetu si kutojua. Shida yetu ni kudumu. Ni wangapi miongoni mwetu walioambiwa na tabibu wapunguze chumvi na sukari, wakaviacha vyote kwa siku moja, wakavumilia wiki mbili, na wiki ya tatu wakarejea kwenye yale yale kwa pupa kubwa zaidi kuliko ya kwanza?

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, dini yetu haikuwajenga watu kwa njia hiyo. Amepokea Bibi Aisha (R.A.) kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa amali ipendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, ijapokuwa ni chache. Na Bibi Aisha huyo huyo amesimulia kwamba lau katazo la ulevi lingeteremka mwanzo kabisa, watu wangelikataa. Ndiyo maana wakachukuliwa hatua kwa hatua: kwanza wakaelezwa katika Suratul Baqara kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha katika Suratun Nisaa wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa, na mwisho katika Suratul Maida wakaamrishwa kuuepuka moja kwa moja. Mola aliyeumba nyoyo ajua jinsi nyoyo zinavyogeuka.

Wataalamu wa zama zetu nao wameyaona mfano wa hayo. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College, uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo la kula, la kunywa au la mazoezi, wakalifanya kila siku katika wakati au mahali pale pale. Kwa wastani jambo lilihitaji siku 66 hata likawa desturi isiyohitaji kulazimishwa. Kwa wengine siku 18 zilitosha, na wengine walikadiriwa kuhitaji siku 254. Tena ikaonekana kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha fanywa. Basi anayekata tamaa baada ya siku kumi ameacha kulima kabla ya mvua kunyesha.

Sasa na tuutazame mwezi wa Ramadhani. Mtu ambaye hawezi kukaa asubuhi moja bila ya chai, hukaa mchana mzima bila ya maji kwa siku 29 au 30. Huiwezaje? Huiweza kwa mambo matatu: ana nia mahsusi, ana wakati uliopangwa, na nyumba nzima iko pamoja naye. Mambo haya matatu ndiyo tunayoyaacha tunapotaka kutengeneza ulaji wetu katika miezi mingine.

Ama nia, iwe ya jambo linalojulikana. Kusema, "Nitakula vizuri," ni neno pana lisiloshikika. Lakini kusema, "Chai yangu ya vijiko vitatu itakuwa ya viwili," ni neno la mtu aliyekwisha anza. Na jambo hili si dogo. Kijiko kimoja cha chai huchukua sukari kama gramu 4. Anywaye vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekunywa gramu 48 katika chai peke yake. Shirika la Afya Duniani limeshauri kuwa sukari ya kutiwa isipindukie sehemu moja katika kumi ya nguvu za chakula cha siku, nayo ni kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Mtu huyo basi amekwisha karibia mpaka kabla hajaonja andazi wala soda. Kadhalika chumvi: mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na samaki wa chumvi. Ulimi wenyewe hufunzika; ukipunguziwa kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa chakula cha zamani huuona kuwa kimekolea mno.

Ama wakati, Mwenyezi Mungu ametupa vigingi vitano vya siku, nazo ni Sala. Lifungeni jambo jipya katika kigingi kimojawapo. Anayesahau kunywa maji na anywe bilauri moja kila amalizapo Sala. Anayekula usiku wa manane na aweke ada ya kula baina ya Magharibi na Isha, kisha afunike chungu. Na mwenye kula kwa haraka na aanze kwa Bismillahi na atulie, kwani habari ya shibe huchukua kama dakika 20 hata ikafika kwenye ubongo. Mwenye pupa huwa amekwisha pita kiasi kabla ya kuambiwa basi.

Ama kuwa pamoja, hapa ndipo nyumba nyingi zinapoanguka. Baba amekatazwa chumvi, basi hupikiwa kisufuria chake pembeni, naye akikiona huona kama ametengwa na watu wake. Hatadumu. Chungu kiwe kimoja, kipunguzwe kwa wote, kwani kinachomfaa mgonjwa hapa ndicho kinachowakinga wazima. Wala mzigo huu usitupiwe mama peke yake. Anayeleta soda na mafuta mengi kutoka dukani hana haki ya kumlaumu anayepika. Sote ni wachunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Watoto nao hufuata mkono wanaouona siniani. Mtume (S.A.W.) alimfunza kijana Umar bin Abi Salama adabu za kula walipokuwa wakila pamoja, si kwa kumgombeza kutoka mbali.

Wala mtu asidhani kuwa ulaji mwema ni wa matajiri. Mchicha, matembele, kisamvu, kunde, choroko, dagaa, papai na embe la msimu ni vyakula vyetu. Unga wa dona una manufaa kuliko sembe, kwa kuwa haukuondolewa kumvi na kiini cha mahindi. Nanyi wanafunzi mlio mabwenini, ambao hamchagui kinachopikwa, mwaweza kuchagua maji badala ya soda, na tunda badala ya chipsi za kila jioni. Na aliye na ziada amkumbuke jirani asiye na cha kuchagua, kwani tumbo la jirani nalo lina haki.

Ikija harusi au Idi, kuleni mfurahi kwa kiasi, na mlo unaofuata mrejee katika desturi yenu. Na mwenye kutumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu asibadili chakula chake kwa ghafula, wala asifunge, bila ya kumuuliza tabibu, kwani mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake.

Basi kila nyumba leo na ichague jambo moja, moja tu, na ilidumishe mpaka liwe tabia, kisha ndipo ichague la pili.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika riziki uliyoturuzuku, utupe afya ya kukuabudia, uwaponye wagonjwa wetu, uwashibishe wenye njaa, na utujaalie kudumu katika mema mpaka tukutane nawe. Amin.