Uvimbe Ukirudi, Msitafute Mulozi

Mama anapewa dawa ya kanseri, uvimbe unapungua, kisha unarudi, na dawa ileile haifanyi kitu tena. Mara watu wanauliza: ametenda dhambi gani? Nani amemloga? Tuangalie kwanza ndani ya chembe za mwili.

Chembe yenye afya ina mlinzi mlangoni. Ni protini inayofanya kazi kama pompi: sumu ikiingia, inaitupa nje. Juliano na Ling waliitambua huko Kanada, wakaieleza mwaka 1976. Tunazo katika utumbo, ini na figo, katika mishipa ya damu ya ubongo, hata katika kondo linalomlinda mtoto tumboni. Chembe haiziweki nyingi bila sababu. Ndani yake kuna protini nyingine, kama mpelelezi, inayotambua vitu vigeni na kuamuru pompi ziongezwe; vitu hivyo vikiisha, zinapungua. Rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayofanya mkojo uwe mwekundu, inamwamsha mpelelezi huyo. Ndiyo maana inaweza kupunguza nguvu ya dawa nyingine.

Katika kanseri, ulinzi huo unamgeukia mgonjwa. Chukueni kanseri ya taya ya watoto, ambayo Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Moja ya dawa zake, vinkristini, inatoka katika ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe linalopandwa mbele ya nyumba. (Msichemshe majani yake, ni sumu.) Chembe ya kanseri yenye pompi nyingi inaitupa vinkristini nje kabla haijaua. Chembe zisizo na pompi za kutosha zinakufa. Zenye pompi zinabaki na kuzaana. Nyingine zinaongeza nakala za maagizo ya kutengeneza pompi, wala hazingoji amri. Tena pompi hiyo moja inatupa dawa za namna nyingi, hata zile ambazo mgonjwa hajapewa bado. Kanseri ina njia nyingine pia za kushinda dawa, lakini hii inatosha kumwondolea mama yule lawama.

Madaktari walijaribu kuziba pompi hizo. Faida ilikuwa ndogo, kwa maana chembe zenye afya nazo zinazihitaji, na dawa ikajaa mahali isipotakiwa.

Ninyi mnaowatunza wagonjwa, msikatize dawa bila daktari. Mwambieni kila kitu mgonjwa anachomeza, dawa za kifua kikuu na za miti pia. Pelekeni hata karatasi za vidonge, na majani yenyewe, ayaone.