Chakula kimegandia bakuli la udongo? Weka waya chini kwanza

JUMAPILI mchana, mabeshte wako wamekuja kwa keja. Kuku na viazi viko ndani ya oveni, kwenye bakuli zito la udongo ambalo mama alikupa siku uliyohama nyumbani. Stori zinanoga, mtu anaweka muziki, na hakuna anayekumbuka saa. Kinachokushtua ni harufu.

Unafungua oveni. Viazi vya juu vinalika, lakini mchuzi wa chini umekauka ukawa kama lami, na kingo zote ni nyeusi tii. Mkono wako unakimbilia mfereji.

Simama hapo hapo.

Vyombo vingi vya aina hii havivunjwi na moto. Vinavunjwa na mwenyewe, katika zile dakika tano za kujaribu kuvisafisha. Bakuli lililotoka kwenye oveni ya nyuzijoto 200 ukilimwagia maji baridi, upande mmoja unajikunja ghafla huku mwingine ukiwa bado umetanuka kwa joto. Utasikia mlio mmoja tu, na hapo hakuna gundi itakayokusaidia. Liweke juu ya ubao au kitambaa kikavu, si kwenye sinki yenye maji wala juu ya saruji baridi. Rudi kwa wageni wako, lipoe lenyewe.

Jua unachokiosha

Vyombo vya udongo si kitu kimoja. Kuna vile vinavyouzwa madukani kama stonweya: vizito, vinang'aa, mara nyingi vina rangi ya bluu, maziwa au kahawia. Huo ni udongo uliochomwa kwa takriban nyuzijoto 1,200 hadi 1,300 mpaka ukashikana kama jiwe, na una ngozi nyembamba inayofanana na kioo.

Halafu kuna chungu chetu cha kienyeji, kama vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ilesi, Kakamega. Hiki huchomwa kwa moto wa kuni ambao hauna ukali huo, na hakina ile ngozi ya kioo. Kina vitundu vidogo visivyoonekana, na kinakunywa maji. Ukidondosha tone la maji juu yake, utaliona likizama.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utumie nini.

Kwa stonweya: maji moto, magadi soda na subira

Bakuli likishapoa, kwangua vipande vilivyolegea kwa mwiko wa mbao. Usitumie kisu. Kisha lijaze maji ya uvuguvugu, tia sabuni ya maji kidogo, ulale. Ndiyo, ulale. Wanga na nyama iliyokauka hufyonza maji taratibu na kuvimba, na asubuhi sehemu kubwa itatoka kwa sponji bila vita.

Kitakachobaki ni mafuta yaliyopikwa mpaka yakawa kama vanishi. Hapa sabuni peke yake hunyoosha mikono. Chukua magadi soda, ule unga mweupe wa vipakiti unaouzwa dukani kwa ajili ya mapishi. Changanya vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha maji upate uji mzito, upake palipoungua, kisha funika kwa kitambaa kibichi usikauke. Uache saa kadhaa, au usiku wa pili. Magadi hula mafuta, na chembe zake ni laini kiasi kwamba zinasugua bila kukwaruza.

Bado kuna doa sugu? Mwaga maji ndani, tia vijiko viwili vya magadi soda, na uweke bakuli kwenye oveni ikiwa bado baridi. Washa moto wa chini, nyuzijoto 120 hivi, kwa nusu saa. Zima, acha vipoe pamoja, kisha usugue. Kama huna oveni, jaza maji ya moto wakati bakuli lenyewe lina uvuguvugu, lifunge kwa taulo likae na joto, na urudie mara mbili tatu.

Sasa sikiza hili vizuri. Ile mbinu ya sufuria, ya kutia maji na kuchemsha juu ya gesi mpaka ukoko uachilie, usiijaribu hapa. Stonweya nyingi zimetengenezewa oveni. Moto wa meko hupiga sehemu moja katikati, kingo zikiwa bado baridi, na bakuli hupasuka.

Mambo matatu ya kuacha

Kwanza, waya wa kusugulia sufuria. Utaona bakuli limesafika leo, lakini umelichuna ngozi. Mikwaruzo hiyo ndiyo chakula cha wiki ijayo kitakapopata pa kushika, na kitaungua upesi zaidi.

Pili, kuchanganya magadi soda na siki. Video zake zinapendeza, povu linafura, unaona kama kazi inafanyika. Kumbe viwili hivyo vinauana nguvu, unabaki na maji ya chumvi-chumvi. Siki itumie peke yake, kuondoa madoa meupe ya chokaa yanayoachwa na maji ya kisima.

Tatu, Jik na dawa nyingine za kung'arisha nguo. Haziondoi ukoko. Na ukizikutanisha na siki zinatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Kwa sisi tunaoishi chumba kimoja chenye dirisha moja, hilo si jambo la mzaha.

Kwa chungu cha kienyeji

Hapa sheria zinageuka. Sabuni weka kando kabisa, maana chungu kitainywa, na samaki wako wa nazi atanukia sabuni. Lakini kwa kuwa chungu hiki kilizaliwa kwa moto, unaweza kukirudisha motoni. Tia maji ya uvuguvugu na magadi soda kidogo, weka kwenye makaa hafifu, na uache maji yapate moto pole pole huku ukikwangua kwa mwiko. Malizia kwa chumvi na kumbi la nazi au brashi ngumu ya nyuzi.

Suuza, kisha kiinamishe juani mpaka kikauke kabisa. Ukikifunika kikiwa na unyevu, utakifungua wiki ijayo ukute kimeota ukungu.

Doa si uchafu

Baada ya haya yote huenda kivuli cha kahawia kikabaki. Pitisha ukucha. Kama panateleza, hapo ni rangi tu, na chakula chako ni salama. Usijitoe jasho ili bakuli lipendeze Instagram.

Lakini ukucha ukinasa kwenye ufa, au ukiona ile ngozi ya kioo inabanduka, mambo yamebadilika. Mabaki ya chakula huingia humo na sponji haiwezi kuyafikia, na vipande vinaweza kuishia kwa sahani ya mtu. Chombo hicho kimestaafu mapishi, kipande maua.

Na wakati mwingine, paka mafuta mpaka kwenye kingo, tia maji kidogo chini ya viazi, na kabla stori hazijanoga, weka kengele ya simu. Mama akija kukutembelea, huwa anafungua kabati kabla hajaketi. Bakuli lake likiwa na doa, mtacheka. Likiwa vipande viwili, utaeleza nini?