Dawa ya Usingizi Katika Bustani ya Nyumbani



Mwanachama mwenzetu mmoja ametuletea swali ambalo twaona litawafaa wengi. Mwanawe anafanya kazi Mikese, katika Mkoa wa Morogoro, na huko anakaa na bibi yake, mtu mzima sana, ambaye usiku hapati usingizi. Kijana alisikia habari za mmea uitwao valeriana, kwamba mizizi yake ni dawa ya usingizi. Akanunua pakiti mbili za mbegu, akazifukia katika bustani nyuma ya nyumba, akazimwagilia maji mwezi mzima. Zikaota chache, na jua la Januari likaziua zote. Sasa auliza: anunue pakiti ya tatu?

Jibu letu ni kwamba asinunue. Lakini si vema kumkataza mtu bila ya kumweleza sababu.

Valeriana ni mmea wa nchi za baridi za Ulaya na Asia. Hupanda kufika futi tatu hata tano, hutoa maua madogo meupe au ya rangi ya waridi hafifu, na mizizi yake ikikauka hutoa harufu kali, isiyopendwa na watu ila hupendwa sana na paka. Wapenda ardhi yenye unyevu na hewa ya baridi. Mbegu zake ni ndogo, hazikawii kupoteza nguvu, na zataka mwanga ili ziote. Kwa hiyo huwekwa juu ya udongo tu, hazifukiwi. Hapo kijana wetu alikosea mara ya kwanza. Lakini hata angalizipanda sawasawa, joto la Mikese lingalizishinda. Mikese ni uwanda wa chini, kwenye reli na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam, na milima ya Uluguru iko juu yake, si chini ya miguu yake.

Sisi wenye mikarafuu twapaswa kulielewa jambo hili upesi. Mkarafuu nao ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Ulikubali kwa sababu ulikuta joto na mvua mfano wa kwao. Hata huko Uluguru, mikarafuu imekubali upande wa mashariki wenye mvua nyingi, kama vile Kinole na Mkuyuni. Mmea haujali bei ya pakiti. Hujali hewa na udongo.

Tena tazama ushahidi wa hapa kwetu Afrika. Wako ndugu wa valeriana wanaoota porini Afrika Mashariki, na mmoja wao umepewa jina la Kilimanjaro, kwa kuwa waota huko juu mlimani kwenye baridi. Basi mwenye shamba Mgeta, ambako hulimwa kabichi, njegere na peasi, aweza kujaribu tuta moja dogo la valeriana. Lakini asiende mtu kuchimbachimba mizizi katika msitu wa Uluguru. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na humo ndimo zitokamo chemchemi za Mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam.

Je, kijana wa Mikese afanye nini? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wake ni mchaichai.

Mchaichai wapenda jua na joto, na hauhitaji kununuliwa mbegu. Aombe kwa jirani shina moja lililokomaa, alipasue kwa mkono apate vipande vyenye mizizi. Majani ayakate yabaki kiasi cha shibiri moja. Achimbe mashimo ya kina cha inchi sita, atie samadi iliyooza, apande vipande viwili au vitatu kila shimo, na kati ya shimo na shimo aache futi mbili hata tatu. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, mwezi wa Machi. Wakati wa kiangazi aumwagilie hata maji yaliyooshea mboga. Usipandwe mahali panaposimama maji, maana mizizi huoza.

Baada ya miezi mitatu au minne aanze kukata, akiacha inchi nne za shina ili lichipue tena. Ajihadhari, kwani majani yake hukata vidole. Karafuu twazianika juani juu ya majamvi. Mchaichai huanikwa kivulini, ili usipoteze harufu. Shina likizeeka, baada ya miaka mitatu au minne, ling'olewe na kupandwa upya.

Sasa tuseme kweli. Wataalamu waliochunguza valeriana hawajapatana kama kweli yaleta usingizi. Na mchaichai nao hatuwezi kuuita dawa iliyothibitishwa. Lakini bibi akinywa kikombe cha mchaichai jioni badala ya chai ya majani au kahawa, atakuwa ameepukana na kitu kinachomfanya akeshe. Huenda faida kubwa ikawa hiyo.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kukosa usingizi mara nyingi ni dalili ya jambo jingine: maumivu, kikohozi, huzuni, au kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, ambako kwaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kisukari. Bibi apelekwe kwanza kwa mganga wa hospitali, na aulizwe kwa upole ni nini kimwamshacho. Ikiwa ana homa, asicheleweshwe kwa kikombe chochote cha majani. Na ikiwa anatumia vidonge vya usingizi, asivichanganye na mizizi ya valeriana iuzwayo madukani, maana viwili hivyo vikikutana vyaweza kumlegeza mno akaanguka. Wala asiache vidonge vyake bila ya kumwuliza mganga.

Basi fedha ya pakiti ya tatu iwe nauli ya bibi kwenda hospitali, na mchaichai upandwe karibu na mlango wa jiko. Mwanachama atakayejaribu atuandikie matokeo yake, yawe mema au mabaya, nasi tutawapasha wenzake.